Marahaba ya Mzee Shija

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, na babu yako, Mungu amrehemu, alilijua hilo na hakuwahi kuninunia. Ni siku ile Luhende alipopiga gitaa peke yake kwenye uwanja wa Kharumwa, nasi bendi yake ya zamani tuko upande wa pili, tumekuja kumzima. Keti, mwanangu, na hiyo simu iweke kando. Nimesikia unataka kuliacha kundi lenu la muziki uanze kuimba peke yako, na nimesikia pia kwamba wenzako hawajui. Unangoja usiku mmoja ujitoe kwenye kundi la simu, wasome wenyewe asubuhi kwamba umetoka. Sitakuzuia kwenda. Nataka tu nikusimulie habari za mtu aliyekutangulia katika njia hiyo, maana kuishi kwingi ni kuona mengi, na mimi nimeishi.

Wewe umemjua Luhende akiwa mzee wa Geita mwenye kofia na mvi, anayeombwa picha na vijana kila anapopita. Sisi tulimjua akiwa kijana mwembamba wa Mwadui, wakati bendi yetu ikipiga dansi pale mgodini kila mwisho wa juma. Mimi nilikuwa mwimbaji, msichana wa Ushirombo niliyetoroka kwaya ya parokia, jambo ambalo mama yangu alilisamehe nikiwa tayari nina wajukuu. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Shija, mpuliza saksafoni, mtu wa suruali iliyonyooshwa na maneno machache. Luhende alipofiwa na baba yake, Mzee Shija ndiye aliyemchukua, akampa kitanda nyumbani kwake, akamfundisha kushika gitaa. Alikula naye sahani moja mpaka akaota ndevu.

Basi siku moja spika ya gitaa ilichanika karatasi yake ya ndani, ikawa inakoroma. Fundi alikuja kuibadilisha, Luhende akamzuia. Alikuwa amezoea kusikiliza roki kwenye redio, ikija na kupotea na upepo, akawa anaitafuta sauti ile kwenye nyuzi zetu asiipate. Sasa alipopiga, spika mbovu ikanguruma, akacheka peke yake. Jumamosi iliyofuata aliingiza juu ya mngurumo ule maneno ya Kisukuma, nyimbo za wachunga ng'ombe na za akina mama wakipalilia. Hakuna mtu huku kwetu aliyekuwa amewahi kufanya kitu cha namna hiyo. Wazee wakasema mashine ya kusaga imeingia dansini. Vijana wakapanda juu ya viti. Mimi nilikuwa jukwaani, kazi yangu ni kuitikia, na vinyweleo vilinisimama nikasahau kufungua mdomo.

Mzee Shija hakuupenda muziki ule, lakini hakuukataza. Alimpa Luhende wimbo mmoja, wa mwisho, watu wakishachoka. Kijana akawa na nyimbo tele kifuani na nafasi ya mmoja tu. Hata gitaa halikuwa lake. Siku zile vyombo vilikuwa mali ya bendi, mwanamuziki alikuwa na vidole vyake basi. Asubuhi moja tukalikuta gitaa kitini, limefutwa vumbi, nyuzi zimelegezwa vizuri, mwenyewe ameshapanda basi la Kahama. Tulikagua vyombo vyote na hakukosekana hata waya. Baadhi yetu tukamsifu kwamba ni muungwana, ameondoka mikono mitupu. Mke wa Mzee Shija aliendelea kumwekea Luhende ugali kila jioni, akiufunika kwa sahani, akijiuliza kwa sauti mtoto kala wapi leo.

Luhende alikwenda kwenye dhahabu. Alishuka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, akachimba na wenzake mpaka akapata gitaa la kwake na spika ndogo ya kutumia betri ya gari. Spika yenyewe aliichana kwa wembe, kwa makusudi. Mguu wa kulia akaufunga njuga za wacheza ngoma, ili akanyage mdundo mwenyewe. Alikuwa hana mpiga ngoma, hana besi, hana waitikiaji. Habari zikatufikia Mwadui kwamba kuna mtu mmoja huko machimboni anayepiga kama bendi nzima. Tulijua ni nani, ila tulijifanya hatujui.

Sasa unaijua desturi yetu ya ngoma. Mavuno yakiisha, manju wawili, viongozi wa ngoma, wanaingia uwanja mmoja, kila mmoja upande wake, wanapiga kwa wakati mmoja, na watu wanahukumu kwa miguu. Anayebaki na watu kashinda. Anayebaki na watoto na mbwa anafunga vyombo vyake. Iliposikika kwamba Luhende atapiga Kharumwa, mara yake ya kwanza kujitangaza kwa jina lake nje ya machimbo, Masele mpiga tarumbeta akasema twende tukamweke pembeni kama wafanyavyo manju. Mzee Shija alikubali haraka, jambo lililonishangaza, kwa sababu hakuwa mtu wa kukubali haraka hata chai.

Tulikwenda na lori, jenereta na spika ndefu kuliko mtu. Masele, ambaye Jumapili ndiye aliyebeba kapu la sadaka kanisani, alizunguka pembe za uwanja akinyunyiza unga fulani. Nikamuuliza kama Padri anaijua dawa hiyo, akaninunia mpaka jioni. Tulicheka sana njiani, mwanangu, lakini kila mmoja wetu alijua kilichokuwa kinatafutwa. Luhende akikimbiwa na watu siku ile, hakuna kambi ambayo ingemwita tena. Wachimbaji hawana huruma na mtu aliyeshindwa hadharani. Angerudi shimoni na nyimbo zake zote.

Tukaanza. Watu walikuwa kwetu wote, si unajua mapenzi ya watu kwa kitu kikubwa. Upande wa pili namwona mtu mmoja na kisanduku miguuni. Kisha njuga zikaanza kulia, na ule mngurumo ukatambaa chini ya muziki wetu. Alikuwa akiimba habari za mchimbaji aliye chini ya ardhi anayesikia kwato za ng'ombe wa baba yake zikipita juu yake. Nilimwona mama mmoja mbele yangu akigeuza shingo. Akafuata mwingine, halafu nikaanza kuona migongo. Nimeimba miaka mingi na sijawahi tena kuona watu wakiondoka taratibu namna ile, hawakimbii, kama waliokumbuka wanakokwenda. Tukabaki na watoto wachache. Niliogopa, na papo hapo nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumwonyesha mtu, kwa kuwa nilijua nasikia jambo ambalo halijawahi kuwepo.

Halafu Luhende akaacha kupiga, katikati ya wimbo.

Akachomoa waya, akainama akafungua njuga mguuni, akaja akivuka uwanja. Umati ulimfuata kwa hamu, maana mshindi ana haki ya kuja kumtambia aliyeshindwa kwa wimbo wa kejeli, na watu wa huku wanazipenda kejeli kuliko nyama. Mzee Shija alikuwa ameketi juu ya sanduku la spika, saksafoni magotini. Luhende akavua viatu, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, baba."

Mzee Shija hakuitikia.

Mwanangu, siku hizi mnaitupa shikamoo mkiwa mnapita, na aliyesalimiwa anaitikia akiwa ameshawapa mgongo. Siku zile mzee akikunyima marahaba mbele za watu ni kama kakutoa ukoo. Mtu mmoja alizima jenereta. Uwanja mzima ulikuwa unangoja neno moja, na Luhende akabaki pale chini. Mimi na mdomo wangu huu nikamwambia Masele, kwa sauti iliyosikika, kwamba Luhende kaogopa, ameupata ushindi na kautupa mwenyewe.

Mzee Shija akanigeukia mimi kwanza. "Kabula, nyamaza. Huyu unayemcheka ametushinda, na wewe umeliona hilo kabla yangu."

Masikio yaliniwaka moto. Kisha akamtazama Luhende.

"Gitaa nililikuta kitini. Wewe sikukukuta."

"Niliona nimerudisha kila kitu, baba."

"Ulinirudishia gitaa, ukaniondolea mtoto. Mama yako mpaka leo anakuwekea ugali."

Luhende akalia, mwanamume mzima, mbele ya wachimbaji. Akasema aliogopa kuaga kwa sababu alijua atakatazwa.

"Ningekukataza," Mzee Shija akasema. "Halafu ningekuruhusu. Ulininyima yote mawili."

Akaomba maji. Akayajaza mdomoni, akampulizia Luhende kifuani, kama mzee anavyomwachilia mtoto anayekwenda mbali. Akamshika mkono akamwinua.

"Marahaba, ng'wana wane," akasema, yaani mwanangu.

Nilisikia watu wakishusha pumzi. Akina mama wakapiga vigelegele, na hata Masele alikuwa akijifuta uso kwa kitambaa cha tarumbeta. Mzee Shija akaamuru jenereta isiwashwe tena. Akachukua kiti chake mwenyewe, hakukubali kubebewa, akavuka nacho uwanja akakiweka mbele ya kile kisanduku. Luhende akafunga njuga akaanza upya wimbo alioukatiza. Nilidhani nimeshamsikia, kumbe bado. Nilisimama kwenye vumbi pamoja na watu wote, bila kazi ya kuitikia, nikalia kwa sababu ya ukubwa wa jambo lile. Hadi leo sijui kulieleza vizuri.

Mengine unayajua. Luhende aliitwa redioni, akapiga Mwanza na Dar es Salaam, akavuka mipaka akiwa na gitaa moja na mguu mmoja wenye njuga. Ninyi vijana wote mnaochanganya Kisukuma na magitaa ya umeme mnapita kwenye njia aliyoifyeka yeye, na wengi wenu hamjui. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hakuna safari aliyoianza bila kupita kwanza kwa Mzee Shija, mpaka mzee alipofumba macho. Nilimuuliza Luhende wakati fulani kwa nini aliacha kupiga siku ile, na watu wote walikuwa wake. Akaniambia alikuwa ameingoja sana siku ya kumshinda mzee, na ilipofika akaona haitamani tena.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kwenda peke yako si kosa. Kipaji kikijaa chungu lazima kimwagike, na anayekuzuia atachoka. Lakini usidhani ukirudisha maikrofoni na funguo za studio umemaliza deni. Wale vijana wawili waliokusubiri ulipougua, waliokopeshana nauli ili wewe ufike, hao hawarudishwi kwa kuwekwa kitini. Kawatafute uso kwa uso. Waambie unaondoka kabla hawajasikia kwa mtu. Watakukasirikia, na hasira hiyo ni haki yao, usiwanyime. Wakikuita msaliti usijibu. Wakikunyima salamu, chuchumaa hapo hapo, ungoje. Heshima si utumwa, na usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Mungu aliyekupa sauti akupe na masikio ya watu, mwanangu, karibu na mbali. Akulinde na sifa, maana zina njaa. Na siku utakapopanda jukwaani peke yako, awepo kati ya watu mmoja wa hao unaowaacha, amekuja kwa miguu yake, na kiti chake mkononi.