Maji mu Kinywa

Siye tuliokomalia Saio, kartie moja ya muji wa Bunia, mbele ya telefone kufika, kanisa tuliijua kwa miguu na kwa kinywa. Kwa miguu, sababu asubui ya siku ya Mungu Bunia ilikuwa baridi kabisa, umande inakulowanisha mpaka magoti, na vumbi nyekundu inakamata palepale, unafika mulangoni kama umevaa soksi ya udongo. Kwa kinywa, juu ya Mama Dorika.

Mama Dorika alikuwa mwalimu wetu wa ekodim, ile masomo ya watoto ya siku ya Mungu. Alikuwa mwanamuke munene, mwepesi wa kucheka. Ku benchi yetu, karibu na dirisha, aliweka bidoni ya maji na kopo moja ya chuma. Maombi murefu ikianza, kila mutoto anapewa funda moja ya maji, anaishika mu kinywa mpaka ku "Amina". Mwenye kumeza atafagia kanisa kisha ibada. Mwenye kutema atafagia kanisa na kiwanja.

"Ulimi ni kama mbuzi," alikuwa anatuambia. "Uifunge wakati iko kidogo. Ikisha kukula shamba ya mutu, weye utalipa na nini?"

Sasa taabu ilikuwa hii: mwenye kuomba maombi murefu alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa matofali, lakini siku ya Mungu alikuwa Shemasi Zakaria, na sauti yake ilikuwa inafika mpaka ku njia ya soko. Aliomba kwa majina. "Bwana, umukumbuke Yosefu, ule wa nyumba ya mulango ya kijani, jino yake ya nyuma imeoza na anaogopa munganga. Umukumbuke bibi ya Petro, amerudia kwa wazazi wake juu ya sufuria ile Petro aliuzisha akakunywia pombe." Eh! Yosefu mwenyewe iko pale, Petro iko pale, anaangalia viatu yake. Watu wazima walikuwa wanafungua jicho moja. Siye watoto, mashavu imevimba, machozi inatutoka juu ya kuzuia kicheko. Mudogo wangu Safi hakuwezaka ata mara moja, njo maana ufagio ya kanisa ilimujua kuliko mutu mwingine.

Sio eti Baba alikuwa musengenyaji. Mu maisha yake ya kila siku alikuwa mutu wa maneno kidogo. Lakini akifunga macho, watu wote walikuwa kama wametoka mu kanisa, anabakia yeye na Mungu wake. Mama Dorika alikuwa anamuchokoza pale kwetu kisha ibada, tukikula sombe, majani ya muhogo, na samaki ya ziwa, siye wasichana tukingojea tumalize mbio tuende kucheza nzango, mucheza wetu wa kuruka na kupiga makofi.

"Shemasi, leo umemupa Mungu kazi ya kuandika."

"Ombi bila jina ni barua bila adresi," Baba alikuwa anajibu.

"Mungu haiko mutu wa posta, Shemasi. Adresi anaijua."

Na wote wawili wanacheka mpaka Mama anawaambia sahani itamwangika. Ile kicheko ningali naisikia. Wakati hiyo sikujua kama Mama Dorika alikuwa wa kabila ingine. Alikuwa na lugha yake kwake nyumbani, siye na yetu, na mu kanisa kulikuwa Kiswahili. Hakuna mutu alikuwa ananifundisha kuhesabia watu vile.

Kisha vita ikaingia mu muji, na watu wakaanza kuhesabiana. Mujirani alikuwa anasalimia mujirani akiangalia pembeni. Watoto wa Mama Dorika, wale wakubwa, walikuwa wamevuka ziwa kwenda Uganda, yeye akakataa. "Nitaacha benchi yangu na nani?" alisema. Wakati ilishakuwa mbaya kabisa, ndugu za kanisa walimutoa Saio wakamuficha kartie ingine, Rwambuzi, kwa Mama Rebeka, mushona nguo, mu chumba ya nyuma pale walikuwa wanawekea mahindi. Baba alikuwa mumoja wao. Mama alikuwa ananituma na Safi kupeleka chakula, kisahani chini ya majani ya sombe, kama vile tunaenda kuuzisha. Baba alitushika mabega, mikono yake yote ya udongo.

"Mutu akiwauliza, hamujui. Ata akiwapa nini. Mumesikia?"

Tulisikia. Na kweli waliuliza. Vijana wa bunduki walitukuta, siye watoto wa benchi, ku chemchem na bidoni zetu, mumoja akatoa biskuti mu mufuko. "Mwalimu yenu wa kanisa iko wapi? Tuko na salamu zake." Safi, ule ule wa kushindwa na kicheko, ule ambaye kwa biskuti angekuuzishia ata nyanya yake, aliangalia ile biskuti, akainama, akavuta maji na kiganja, akaijaza mu kinywa. Siye wote tukafanya vile. Wakatuangalia: watoto wenye mashavu ya kuvimba, kimya. Wakatutukana, wakaenda. Tulitembea vile mpaka nyumbani, na Mama Dorika, wakati tulimwelezea, alilia akatubusu vichwa. Alituambia mbuzi zetu zimefungwa muzuri.

Siku ya Mungu yenye ilifuata, bunduki ilikuwa imenyamaza kidogo. Kanisa ilijaa, ata watu hatukuwajua. Pasta alimwita Baba atoe shukrani. Mama Dorika hakukuwa, lakini kopo yake ilikuwa pale, na tulikamata maji yetu juu njo vile alitaka. Baba akafunga macho. Alishukuru juu ya mvua, juu ya muji kuamuka salama. Sauti yake ikapanda, furaha ikamukamata, namna ilikuwa inamukamata kila mara.

"Na tunakushukuru, Bwana, kwa kumulinda mutumishi wako Mama Dorika, mule Rwambuzi, mu chumba ya mahindi ya Mama Rebeka, umemufunika na mbawa zako..."

Nilimeza. Benchi yote ilimeza, nilisikia makoo ya watoto. Kulikuwa baridi mu kanisa, na watu wazima walifungua macho yote mawili. Ku mulango, mutu mumoja alisimama akatoka mbele ya sadaka kupita. Baba hakuona. Alikuwa angali anashukuru.

Ndugu za kanisa walikimbia kwenda kumutoa, lakini wengine walishatangulia. Walikuta Mama Rebeka anakaa chini mu lupango, kiwanja ya nyumba yake, uso imevimba, mahindi imemwangika mpaka ku njia. Mama Dorika walikuwa wamemupeleka. Mpaka leo hatujapata ata kaburi.

Kesho yake siye wote tulienda kufagia kanisa. Hakuna mutu alituambia.

Baba hakuombaka tena. Pasta alimwita, akasimama, akafungua kinywa, hakukutoka kitu, akakaa. Siku ya Mungu ingine alikuja ku benchi ya watoto, mutu muzima vile, magoti yake ikifika ku kidevu, akakamata kopo ya chuma, akajaza kinywa. Na njo vile amefanya mu miaka hii yote. Ata ku meza, Mama njo alikuwa anaombea chakula mpaka alikufa, na sasa ni miye. Nilimukasirikia Baba, nisidanganye, nilimukasirikia mpaka nikaolewa. Kisha hasira ikaisha, ikabakia hamu ya sauti yake. Ninyi wa rika yangu munakumbuka ile sauti. Wanangu hawaijui. Kwao koko, babu yao, ni muzee wa kimya mwenye kupenda maji.

Na watoto wetu wa leo, jamani! Hawawezi ata kumeza mate bila kuituma mu audio. Siku hizi kanisa iko na grupu ku WhatsApp, eti ya maombi. Juzi familia moja ilifika toka Djugu, mama na watoto wake, wamekimbia na nguo za mwilini tu, watu fulani wangali wanawatafuta. Tukawapa pa kulala. Kisha naamka, naona kijana wetu wa korali, kwaya ya kanisa, ameweka mu grupu foto yao mbele ya nyumba, na jina ya kartie, na mikono miwili ya maombi. Nilimupigia telefone.

"Futa! Futa sasa hivi!"

"Eh, Mama, mbona unafoka? Ni maombi tu."

Alifuta. Nani alishaona, nani alishatuma fasi ingine, sijui. Tuliwahamisha wale watu palepale, na usingizi ilinikimbia.

Siku ya Mungu iliyopita Pasta aliniita niwaombee wao. Nikasimama. Kanisa imejaa tena, kuna sura sizijui. Kijana wa korali alikuwa ameinua telefone anarekodi. Pembeni ya dirisha, katikati ya watoto, Baba alikuwa ananiangalia, mashavu imevimba, macho wazi. Nilikuwa na majina yao yote ku ulimi.

"Bwana," nikasema, "adresi unaijua. Amina."

Vijana wakacheka kidogo. Mumoja akamuuliza mwenzake kama nimemaliza. Lakini ku benchi ya watoto nilisikia koo inameza, kisha sauti nzito, ya kukwaruza, yenye sikuisikia mu kanisa tangu utoto wangu.

"Amina."

Kisha ibada Baba alienda kona, akakamata ufagio. Safi alitaka kumupokonya, nikamushika mukono. Tulisimama mulangoni tukamungojea muzee, anainama, anafagia kanisa yote, benchi kwa benchi.