Mlango wa Bafuni kwa Fundi

Mtaani walimwita Mwaka Huu, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alikuwa seremala wa kusifiwa, kabati zake zimefika hadi kwa watu asiowajua. Ila nyumbani kwake, mlangoni mwa bafu, palining'inia pazia. Kila mwaka mpya ulipoingia alijipiga kifua mbele ya mkewe na watoto: "Mwaka huu! Milango yote, na vitanda vipya!" Wiki ya kwanza alileta mbao, akaziegemeza ukutani. Halafu kazi za wateja zilimbana, mbao zikawa za kuanikia taulo.

"Baba," binti yake mkubwa aliwahi kumuuliza, "mwaka huu ndio huu tuliomo, au kuna mwingine?"

Wakacheka wote, naye akacheka nao. Kicheko kilimsaidia asisikie.

Kisha mama mkwe akaja kukaa nao, mguu ukimsumbua. Alikuwa mama mpole wa maneno machache, na fundi alimheshimu kiasi kwamba akizungumza naye macho yake hayatoki sakafuni. Mchana mmoja alirudi kutoka karakanani, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye kope, akidhani hakuna mtu nyumbani. Redio ya jirani ilikuwa inaunguruma, maji hakuyasikia. Akavuta pazia.

Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya kigoda, povu kichwani. Akageuka.

Fundi hakujua alitokaje. Alijikuta nyuma ya nyumba, amekaa juu ya tofali, anatamani ardhi ipasuke immeze. Kutoka ndani alisikia kikohozi kimoja, basi. Afadhali angetukanwa.

Kesho yake mama akafunga mizigo. "Nimewakumbuka wa nyumbani," alimwambia bintiye. Kwa fundi alisema tu, "Kaa salama, baba," na safari hii wote wawili walikuwa wanaangalia sakafu.

Mkewe alingoja mpaka gari lilipoondoka.

"Najua," fundi akaanza. "Wiki hii naacha kazi zote. Namaliza milango, naingia kwenye vitanda..."

"Umeanza tena." Alisema kwa upole, na upole huo ulimchoma zaidi. "Watu huko wanaoga wamejifungia kwa makomeo uliyowatilia wewe. Sisi hapa hatujawahi kuwa na fundi. Tuna mtangazaji."

Fundi akaziangalia mbao zenye taulo. Ilikuwa kweli: alichokuwa akikipenda miaka yote ni ile dakika ya kuahidi, macho ya watoto yanavyong'aa. Akishaahidi, alijiona amekwisha kujenga.

Asubuhi, kabla ya kwenda karakanani, alichukua ubao mmoja akaupiga randa upande mmoja. Akaishia hapo. Kesho yake akapiga upande wa pili. Hakutangaza. Mkewe aliona, chai akawa anaileta pale pale penye maranda. Kuna asubuhi alizoishia kunoa patasi tu. Kuna aliyolala mpaka jua likatoka, akajiona mnafiki, na kesho yake akaamka hivyo hivyo. Wateja wakimuuliza mbona kachelewa, alijibu, "Nilikuwa na kazi ya nyumbani." Mwanzoni aliona haya kulisema neno hilo, kama aliyevaa koti la mwenzake. Polepole likaanza kumkaa.

Hatimaye mlango wa bafu ukasimama mahali pa pazia. Watoto walijifungia na kujifungulia mpaka wakafokewa. Fundi alipousukuma, ukajifunga bila kelele, na badala ya furaha aibu ikamrudia upya. Kumbe zilitakiwa asubuhi chache tu. Miaka yote ile, asubuhi chache tu.

"Mpigie mama," mkewe akasema.

"Nimwambie nini? Kwamba sasa tuna mlango?"

Mkewe akapiga mwenyewe, akamtia simu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Fundi akaugeukia mlango mpya.

"Mama, nisamehe."

"Mguu unaendelea vizuri," mama akajibu upesi. Akauliza hali ya watoto, mmoja mmoja. Hakusema atakuja lini, na fundi hakuthubutu kuuliza.

Asubuhi iliyofuata alikuwa ameinama juu ya mbao za kitanda cha watoto, masikio bado yanawaka kwa aibu ya ile simu. Hakuna aliyeambiwa.