Mkono Uliofika Sikioni

Harufu ya wino kwenye kidole chako gumba, mjukuu wangu, imenirudisha utotoni, kwetu Butula. Unasema mwalimu wenu hapa Malaba amebandika karatasi kubwa ukutani, mfano wa ile mitandao ya simu: kila mtoto anaweka hadithi ya nyumbani, na anayeipenda anabonyeza kidole chenye wino chini yake.

"Kukhu, yako watailaiki wote," umeniambia mimi bibi yako.

Basi andika, wala usiongeze neno.

Meza ya mwalimu wa Butula ilinuka wino huo huo. Baba alitupeleka shuleni, mimi na mdogo wangu wa kiume. Siku hizo umri ulipimwa kwa mkono: uupitishe juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili. Asiyelifikia alirudishwa nyumbani. Mimi nililishika barabara. Mkono wa mdogo wangu uliishia kwenye nywele. Baba akauvuta hadi mtoto akalia.

"Mzee, utamvunja," mwalimu akasema. "Aliyetosha ni huyu msichana."

"Wa kusoma ni mvulana, mwalimu. Huyo ana mdogo wake mchanga wa kubeba nyumbani."

Mwalimu alinitazama. Sikuliachia sikio. Kisha akainama, akaandika jina la mdogo wangu.

Nilirudi nyumbani nyuma ya baba katikati ya mashamba ya pamba, mkono ungali juu ya kichwa, umeshika sikio. Mama aliponiona uani, aliniuliza sikio limeanza kuniuma lini.