Madirisha ya Mama Rahel

Siku yangu ya kwanza ya ualimu, pale Njombe mjini, Mwalimu Mkuu alinikabidhi boksi la chaki na agizo moja: "Mzazi akija, mwambie angoje nje." Nikatii. Nilikuwa kijana, nikadhani ndivyo kazi ilivyo.

Baadaye nikahamishiwa shule ya watoto wa vibarua upande wa Mahongole, nje kidogo ya Makambako. Wazazi wao walichubua magome ya miti ya miwati kwenye shamba la mzungu, na shule nyingine hazikuwapokea watoto hao, ziliwaona wapita njia tu. Yetu iliishia Darasa la Pili. Ukilimaliza, unamfuata baba yako kwenye miwati.

Mama Rahel, mjane aliyewapikia vibarua uji, alikataa katakata. Binti yake alikuwa amemaliza la Pili na hakuna aliyemfikia kwa kusoma. Akaita wazazi wajenge chumba cha Darasa la Tatu. Ulanzi, pombe ya mianzi, ukaletwa, maana kwetu huwaiti watu kazini mikono mitupu. Wanaume wakafyatua matofali, wanawake wakakanyaga udongo, na mimi nikashika mwiko. Chumba kikasimama.

Ndipo akaja Mkaguzi wa Shule, mzungu wa bomani, ambaye bila idhini yake darasa halifunguliwi. Akapima dirisha kwa fimbo yake.

"Dogo. Hakuna mwanga, hakuna hewa. Sifungui darasa hapa."

Mama Rahel akanigeukia. "Mwalimu, mweleze baridi ya huku. Tumejenga kama tunavyojenga nyumbani. Mtoto anayetetemeka atasoma nini?"

Nikamweleza. Nikamwuliza pia kwa nini hatukuonyeshwa ramani yake kabla ya kujenga.

"Kazi ya wazazi ni kuleta watoto," akasema, akapanda gari lake.

Hasira ile ninayo mpaka leo. Watu wametoka shambani hoi, wamejenga bure, halafu mtu anawajibu hivyo!

Wazazi wakabomoa kuta na kupanua madirisha. Mkaguzi hakuonekana tena mpaka kipupwe cha mwaka uliofuata. Safari hii akaridhika, darasa likafunguliwa. Nikamletea Rahel. Akamtazama, akasema umri umempita, hapokelewi.

Kisha akaketi kwenye meza yangu. Upepo ukawa unaingia moja kwa moja. Akainua kola ya koti lake.

"Mwalimu, waambie wazazi wazibe madirisha haya kidogo. Baridi ni kali."

Mama Rahel alikuwa mlangoni, amemshika binti yake mkono. Hakungoja nimwambie.

"Ziba wewe, baba. Mikono unayo."

Wakaondoka.

Sasa nimestaafu, na nawasikia ninyi walimu vijana mkilalamika kwamba wazazi hawajali shule. Mnawaita wabebe mawe, wachimbe msingi, kisha mnawaambia wangoje nje. Mliwahi kuwauliza lolote? Rahel alichubua miwati mpaka mgongo ukapinda. Darasani alikuwa hodari kuliko mimi nilivyokuwa katika umri wake, na mimi ndiye niliyepewa chaki.