Fuwele Niliyoiosha

Mambo ya fuwele nilijifunza kwenye simu, chumbani kwangu hapa Nakwa. Chuo sikufika. Nilichemsha magadi ya mama, nikayachuja, nikayaacha dirishani yapoe polepole, hadi chini ya chupa zikaota fuwele, chembe zenye kona, angavu kama kioo.

"Wenzako magadi wanatia kwenye makande," mama alisema. "Wewe unampikia nani?"

Nilikuwa nampikia dada mmoja, fundi wa maabara ya chuo kikuu, mahali ambapo fuwele hupigwa eksirei ili ijulikane atomi zake zimejipangaje. Nilimwandikia kuomba kazi hadi akachoka kunikatalia. Akasema mkuu wake anatafuta msaidizi wa kufundishwa kazini, basi nitume fuwele moja niliyoikuza mwenyewe. Ikitoa picha safi, nafasi ni yangu. "Itume ndani ya maji yake," aliandika.

Ujumbe ule niliusoma mpaka nikaukariri. Lakini maji yenyewe yalikuwa na rangi ya tope, nikaona aibu. Nipeleke uchafu chuo kikuu? Nilichagua fuwele nzuri kuliko zote, nikaisuuza, nikaifuta, nikaianika kidogo juani, kisha nikaifunga kwa pamba kavu ndani ya kichupa cha dawa. Zenye kasoro nilizimwaga nyuma ya nyumba pamoja na maji yake, nisizione tena. Kichupa nikakipeleka stendi, kikaondoka na basi.

Siku ya tatu dada alipiga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mdogo wangu, mbona umetutumia unga?"

Nilidhani ananitania.

"Hii imejengwa na maji," akasema. "Ukiikausha inabomoka. Si nilikwambia? Haya, una nyingine?"

"Nilizimwaga."

"Mkuu anachagua mtu leo mchana. Pole sana."

Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikapiga magoti, nikachokoa udongo kwa kijiko. Niliambulia weupe tu, kama majivu. Niliendelea kuchokoa hata nilipojua hakuna kitu.

Mama sikumwambia ukweli. Nilisema mashine ya eksirei imeharibika, ikitengenezwa wataniita. Tangu siku hiyo, kila tunapokaa kula, akishawaombea wagonjwa wetu, mama anaiombea na mashine ipone.

Nami naitikia amina.