Siku Niliyoiba Baiskeli ya Mume Wangu

Mkitaka kunicheka nichekeni, kwa sababu mji mzima wa Izki umeshanicheka na bado naishi, ila nisikilizeni mpaka mwisho kabla hamjasema mwanamke huyu hana akili, maana siku ile akili nilikuwa nayo, tena imezidi, na hiyo ndiyo iliyoniponza.

Chanzo ni Mtaliano mmoja aliyekuwa akifanya kazi na mume wangu, Nassor, kwenye mradi wa barabara huku kwetu Nizwa, nchi ya Waarabu. Mkataba wake ulipokwisha akamwachia Nassor baiskeli, na si hizi tunazozijua za kubebea majani ya mbuzi, la, ile nyembamba ya mashindano, nyepesi unainyanyua kwa mkono mmoja, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Akamwachia na picha ya kwao, barabara inapanda na kushuka kwenye vilima vya mizabibu halafu inapotelea msituni. Nassor akaibandika kwenye friji. "Vilima tunavyo," akasema, "na msitu tutajifanya ni mitende." Wakati huo daktari alishamwambia ana sukari na tumbo lazima lipungue, basi mimi nikaona kheri imekuja na magurudumu yake.

Nikapiga marufuku kila kitamu nyumbani, halwa, kaimati, vitumbua, mkate wa kumimina, asubuhi nikawa nampa uji wa shayiri usio na sukari wala chumvi (paka wetu aliunusa akaondoka zake). Na kila Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, bwana huyo anavaa kaptura yake ya kubana na kushika njia ya Izki.

Sasa angalieni mambo. Wiki zikapita, mtu anapanda vilima mpaka miguu imekuwa migumu kama mbao, lakini tumbo liko palepale. Akirudi hataki uji, anasema hewa ya mlimani inashibisha. Anaimba bafuni. Siku moja nikamkaribia kumpa taulo, masharubu yake yananukia iliki. Iliki ya wapi, kwenye majabali? Nikaupekua mkoba anaoufunga mgongoni, nikakuta kanzu nyeupe iliyopigwa pasi (si mimi niliyeipiga!), kofia yake nzuri ya kazi ya mkono, na kanzu yenyewe imefukizwa udi. Nikakaa kitako pale pale kwenye zulia. Mwanamume haendi kuendesha baiskeli na kanzu ya udi mgongoni. Kanzu ya udi anakwenda nayo posa.

Nikampelekea maneno shoga yangu Moza, mwalimu mwenzangu, ambaye mumewe alioa mke wa pili mji wa Ibra na yeye akawa mtu wa mwisho kujua. Kwa hiyo mkijiuliza kwa nini sikwenda kwa mtu mwenye busara, jibu ni kwamba sikutaka busara, nilitaka mtu wa kuniambia nimeona sawasawa.

"Dalili ya mvua ni mawingu," Moza akasema. "Mume akianza kutunza mwili na umri huo, wallahi hautunzi kwa ajili yako. Ijumaa nakuja na gari."

Sikulala vizuri wiki ile, siwafichi. Nilikuwa nikimtazama Nassor akila chakula changu cha hospitali bila kulalamika, na ule upole wake ndio ulionitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mtu asiyelalamika ana pa kulalamikia. Nilizaliwa Tabora, nikaolewa kwenye familia ya Unguja, nikaletwa kuishi chini ya majabali haya sina ndugu wa karibu. Nassor akienda, nabaki na nani?

Ijumaa tukamfuata. Hamjapata kuona kazi ya taabu kama kuifuata baiskeli kwa gari kwa siri. Mlimani anasimama juu ya pedali anakwenda kama kobe, na sisi nyuma kwa mbali gari inalia gia ya kwanza, malori yanatupigia honi mpaka Moza anajifunika uso kwa shela. Mteremkoni anashuka kama kipanga, hatumwoni tena. Tukampata karibu na Izki, ameshuka kando ya wadi, yaani mto mkavu, anaingia nyuma ya jabali. Tukajificha nyuma ya mkunazi. Alipotoka, jamani, katoka bwana harusi! Kanzu nyeupe, kofia, anaisukuma baiskeli taratibu kuingia kijia cha mitendeni.

Gari haipiti kwenye vijia vile, Moza akabaki, mimi nikashuka kwa miguu. Nikamwona anaiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa udongo, anabisha mlango wa kijani. Mlango ukafunguliwa nusu, na nilichoona ni mkono. Mkono wa kike, una hina mpaka vifundoni, na bangili za dhahabu. Nassor akauinamia akaubusu, akaingia, mlango ukafungwa.

Hapo mwanamke mwenye akili timamu angebisha hodi. Mimi nikajiambia hapana, nikibisha mwanamke atafichwa chumbani, dawa ni kuichukua baiskeli niipeleke kwa Moza, bwana akitoka aikose, aanze kuitafuta mtaa mzima na nguo zake za uchumba, ndipo nimtokee mbele ya watu aone haya. Uamuzi mdogo tu. Nikaishika usukani nikaanza kuisukuma, na sijafika mbali nikasikia mlango unafunguliwa nyuma yangu. Nikababaika. Tabora nilikuwa nikiendesha baiskeli za kaka zangu, mguu ukakumbuka wenyewe, nikajikuta nimepanda.

Lakini nilikuwa nimeelekea upande usio wa gari. Kijia kile kinateremka, tena sana. Natafuta breki, mkono haufiki, ziko huko chini kwenye zile pembe za kondoo. Narudisha pedali nyuma kama za zamani, pedali zinazunguka bure, baiskeli haina habari. Abaya ikaingia kwenye mnyororo, ikaanza kuliwa kidogokidogo, shela ikaruka ikanasa kwenye kuti la mtende. Na kule chini, nje ya sabla (ndiyo baraza la wanaume), wazee wamekaa na vikombe vya kahawa na sinia la tende, wote macho juu kunitazama nakuja.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Labda malezi. Nilipowapitia nikapiga kelele, "Asalaam alaykum!" Na wao, wameshtuka, vikombe mkononi, wakasimama wakaitika kwa pamoja, "Wa alaykum salaam wa rahmatullah!" kisha wakatawanyika kupisha, na mmoja akamwomba Mungu stara, "Ya satir!" na hilo ndilo la mwisho nililosikia kabla baiskeli haijagonga kingo za falaji na kunirusha mimi ndani.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, mimi niliingia mfereji wa kumwagilia mitende. Maji hayakufika kiunoni, lakini ni ya baridi, na abaya robo yake imebaki kwenye mnyororo. Nikainua kichwa nikamwona Nassor anateremka mbio, kanzu ameikusanya mkononi, kofia imeanguka, ndara moja haipo, na mkono wa pili ameshika kitumbua kilichoumwa.

"Umeumia?" anahema. "Salma, umeumia wapi?"

Nami nimekaa majini, nikamwuliza, "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mkeo!"

Nilidhani Kiswahili changu kimenistiri, kumbe mzee mmoja pale alikulia Unguja, akawageukia wenzake akawafasiria kwa Kiarabu, neno kwa neno, hata nilivyouinua mkono wangu, naye akauinua wake. Nasikia sauti ya kicheko kile mpaka leo nikifungua bomba.

Ndipo akateremka mwenye ule mkono. Bibi wa miaka kupita themanini, na bakora yake, hina na bangili zote zipo. Alikuwa Bi Raya, jirani aliyemlea Nassor Unguja mama yake alipougua, na alikuwa amehamia kwa mjukuu wake Izki si zamani. Kanzu anaifua na kuipiga pasi yeye, na kuifukiza udi, kwa sababu alimwambia mara ya kwanza, "Mwanangu, kwangu huingii na mapaja nje." Na vitumbua ni vyake.

"Shikamoo, bibi," nikasema kutoka majini. Ningesema nini?

"Marahaba, mwanangu. Ungebisha hodi. Vitumbua vilikuwa vinakutosha na wewe."

Nassor akaniopoa kutoka kwenye falaji, akanifunika kwa shuka la mzee mmoja, akaninong'oneza, "Nilikuona unavyofurahi kunipikia ule uji, nikaona haya kukwambia siuwezi." Nililia, nikacheka, nikamwambia mwongo mkubwa we, na sukari yako.

Tulipogeuka kuitafuta baiskeli tukaikuta imelala katikati ya njia, usukani mzima, gurudumu la mbele limepindika kama nane. Nikaomba radhi, nimekuvunjia baiskeli yako ya Mtaliano. Yule mzee mfasiri akatikisa kichwa. "La, binti yangu, wewe uliiangusha tu. Aliyelivunja gurudumu ni huyu. Alilikanyaga akikukimbilia, wala hakutazama chini."

Siku hizi Ijumaa tunakwenda wote kwa Bi Raya kwa gari, Nassor anapewa kitumbua kimoja, na wazee wa sabla wakiniona wanavuta vikombe vyao karibu. Nimeapa simfuati tena mtu, wala sipandi kitu chenye pedali. Kanzu bado nainusa, siwadanganyi, tabia ni ngozi. Ila nikishainusa nakwenda stoo, nalitazama lile gurudumu lililopinda tulilolitundika ukutani, kisha narudi naipiga pasi mwenyewe.