Gari la Viti Viwili

Harufu ya pamba iliyochovywa mawese bado inanikera. Mafundi wa mitumbwi wa Rumonge, kule Burundi, walikuwa wakiziba nayo nyufa za mbao, na baba yangu alikuwa mmoja wao, kwa hiyo nyumbani kwetu harufu hiyo ilikuwa kwenye mashuka, kwenye kanzu yake ya Ijumaa, hata kwenye wali. Nilipokuwa mdogo niliipenda, kwa kuwa ilimaanisha baba yuko ndani. Niliichukia mwaka ule alipoipeleka kwa mke wake mdogo, akaanza kuipaka kwenye gari.

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, fupi, jekundu, la kukaa watu wawili, lisilo na kitu juu ila turubai ambalo panya walikwisha kulimaliza. Mgiriki mmoja aliyekuwa akinunua ndagala, dagaa wa ziwa letu, alilikuta halimfai alipofunga safari ya kwao, miaka michache baada ya Uhuru, akamwambia baba aliyemtengenezea maboti kwamba akiliwasha ni lake. Nyumba yetu ilikuwa mchangani karibu na ziwa, haifikiki kwa gari. Nyumba ya Mwajuma, mke mdogo, ilikuwa kando ya barabara na ilikuwa na uwanja. Basi gari likasukumwa hadi kwa Mwajuma, na baba akalifuata. Zamu za mama zilibaki kwa jina tu. Baba alikuja kwetu giza limeshaingia, akala bila kusema neno, akalala. Siku za Mwajuma nilipita kule nikitoka madrasa na kumkuta anaongea, anacheka, ameshika spana, na Mwajuma kakaa kwenye kigoda anamshikia misumari. Nilikuwa na miaka kumi hivi, na roho iliniuma kweli.

Vipuri vya gari lile havikupatikana Rumonge wala Bujumbura. Spana za Kibelgiji alizokuwa nazo hazikukaa kwenye nati za Kiingereza, hivyo alizing'oa nati karibu zote na kutia zake. Springi alizitoa kwenye lori lililokufa la kubebea mawese kule Kigwena, akazikata, na gari likanyanyuka nyuma kama bata anayekunywa maji. Pampu ya maji ilikuwa ya injini ya boti, imeletwa kutoka Kigoma. Taa moja ilikuwa ya gari, ya pili ilikuwa karabai ya wavuvi. Kisha akagundua kwamba chini ya bati, mwili wa gari ulikuwa fremu ya mbao, na mbao zimeoza. Sijawahi kumwona mtu akifurahia uozo namna ile. Alichonga fremu mpya na sakafu mpya kwa mbao za mtumbwi, akaziba kila ufa kwa pamba yake, akamaliza kwa lami. Alipita kidole kwenye maungio mbele ya majirani akasema, "Hii haivuji. Hata tone moja." Majirani wakakubali, maana wote walikuwa watu wa ziwani kama yeye.

Kwetu sisi swali lilikuwa moja tu. Idd ilikuwa inakaribia, na baba alitaka kwenda Kigwena kwa dada yake kwa gari lake. Mji mzima ulisubiri kuona nani atakaa pembeni yake. Nilimsikia akimwambia mama, "Hii motokari iko na viti viwili, na mimi niko na bibi wawili. Nitafanya je?" Mama alikuwa anachambua mchele. Alimjibu, "Wewe ndiye fundi," akaendelea kuchambua. Mwishowe baba alitoa hukumu yake: kwenda atakwenda na mkubwa, kurudi atarudi na mdogo, na yule mwingine apande lori. Aliona ametenda haki. Mimi niliona tumedhulumiwa wazi. Wakati wa kwenda watu wangekuwa bado wanasalimiana msikitini, barabara tupu, na mama asingeonwa na mtu. Wakati wa kurudi barabara nzima ingejaa watu wenye nguo mpya, na wangemwona Mwajuma. Nilimwambia mama akatae. Akaniambia nikaoge.

Usiku wa kuamkia Idd mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Baada ya swala tulikwenda wote kwa Mwajuma, mama na kitenge chake kipya, mimi nyuma yake nimenuna. Gari lilikuwa limejaa maji. Maji yalifika juu ya viti, yametulia, na kandambili ya mtu ilikuwa inaelea karibu na usukani. Baba alikuwa amezoea kuzuia maji yasiingie, na hakuwahi kufikiria namna ya kuyatoa. Jirani mmoja alileta keekee atoboe sakafu, baba akamshika mkono. Alisema, "Wapi umeona mutu anatoboa mutumbwi chini?"

Mwajuma ndiye aliyeanza kucheka. Nikamtazama mama nikitegemea amkaripie, kumbe naye amejishika mbavu. "Yaya, leta sufuria," Mwajuma akamwambia, kama kwetu anavyoitwa dada mkubwa, na mama akaingia jikoni mwa Mwajuma moja kwa moja, bila kuuliza sufuria ziko wapi, akatoka nazo mbili. Walifunga vitenge magotini wakayakumba maji wakimwagiana na kucheka, huku baba amesimama pembeni, ameinua pindo la kanzu yake lisilowe. Maji yalipokwisha, mama akaingia akakaa penye usukani, Mwajuma akakaa pembeni yake, wote wamelowa. Wakawaambia watoto wasukume. Walisukumwa hadi sokoni na kurudi. Mimi sikusukuma. Miezi yote ile nilimchukia Mwajuma kwa niaba ya mama, na mama hakuwa na habari.

Mwaka sabini na mbili, watu wa Rumonge walipokuwa wakikimbia mauaji, tulivuka mpaka kwa boti la baba hadi Kigoma, gari tukaliacha uwanjani. Baba alifariki Ujiji. Wajane wake wakapanga nyumba moja, chumba kimoja, na hawakutengana tena. Mimi nina mume nisiyemgawana na mtu, na gari letu lina viti vitano; tunakaa mbele wawili, na mara nyingi tunafika tuendako hatujasemeshana. Mama alipokuwa mahututi nilimshika mkono siku nzima, na jina alilolitaja lilikuwa la Mwajuma. Sasa Mwajuma ni mzee, haoni vizuri, na ninamtunza mimi. Kila asubuhi nikimpelekea chai ananisimulia mambo ya mama yangu ambayo mama hakuniambia kamwe. Ninakaa ninamsikiliza mpaka chai inapoa, na ninamwonea wivu.